Shika rula kabla ya pampu

Umeuliza kama prosesa na kadi ya michoro vinaweza kupozwa kwa maji ndani ya hicho kikesi chako cha kompyuta cha lita 12. Inawezekana kabisa, ila usinunue chochote kabla hujapima. Kinachokwamisha watu ni unene: rejeta (kile kipoza maji chenye mapezi, kinachopulizwa na feni) ya milimita 27 ukiifunga feni ya kawaida ya milimita 25, umeshakula milimita 52, na bado mipira ya kupitisha maji haijaingia. Feni nyembamba za milimita 15 zipo, lakini kelele zake utazisikia. Kwa prosesa na kadi pamoja ningeanza na rejeta ya 240, yaani ya feni mbili za milimita 120. Ya 120 iachie prosesa peke yake.

Usichanganye alumini na shaba kwenye mzunguko mmoja. Alumini italiwa taratibu, na uchafu wake utaziba vile vijia vyembamba ndani ya bloku, kile kipande cha metali kinachokaa juu ya prosesa au kadi na kupitisha maji. Maji ya bomba nayo hapana, tumia yaliyokenekwa, na dawa ya kuzuia kutu na mwani.

Chukua mipira laini, mabomba magumu yasubiri. Mimi niliukunja mmoja kwenye kona mpaka ukabonyea, maji yakawa yanapita kwa kujikongoja na prosesa ikafika nyuzi 90 (nikailaumu pampu wiki nzima, maskini).

Ukishajaza, washa pampu tu, bodi mama isiwe na umeme, tandika tishu chini ya kila kiungio, uache mpaka asubuhi. Tangi likae juu ya pampu, maana ikizunguka kavu inakufa. Inamisha kesi huku na huku mapovu yatoke.