Jibu langu ni Aprili 7

Mhariri, mmeuliza wiki hii: katika tarehe zote za mwaka, ni ipi iliyobeba matukio mazito zaidi ya historia, na kwa nini? Nina hakika sanduku lenu limejaa Desemba 9, na wanachama wa CCM wa siku nyingi wamewaletea Februari 5. Hizo mimi naziweka kando mapema kwa sababu zilipangwa. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, na ilipoamua kuwa jamhuri ikachagua siku ileile ya mwaka uliofuata. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar zilipokubaliana kuungana na kuzaa CCM, viongozi wakangoja miaka kumi itimie barabara, Februari 5, 1977. Hiyo ni ratiba, na mtu hawezi kushangaa ratiba ikifuatwa.

Aprili 7 haikupangwa na mtu yeyote. Kwetu ni Siku ya Karume. Ijumaa jioni, Aprili 7, 1972, Sheikh Abeid Amani Karume alipigwa risasi na kuuawa katika makao makuu ya ASP, Kisiwandui, Unguja. Alikuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania. Aboud Jumbe akashika nafasi yake, na ni Jumbe huyo aliyeiongoza ASP hadi kwenye muungano wa vyama niliougusa hapo juu. Kila mwaka hitma husomwa palepale Kisiwandui, lilipo kaburi lake.

Vijana wengi hapa Dar wanaijua siku hiyo kama mapumziko tu, tena mapumziko ya masika, unashinda ndani unasikiliza bati. Lakini kesi ya mauaji yale ilifika mpaka upande huu wa maji. Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar ambaye alikuwa ameachwa nje ya baraza la mawaziri la Muungano miezi michache tu nyuma, alikamatwa Bara. Mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo naye hayupo kizimbani, kwa kuwa Mwalimu Nyerere hakukubali kumpeleka ng'ambo, Zanzibar. Akakaa kizuizini hadi 1978. Mtu anayetaka kuelewa Muungano ulivyofanya kazi miaka ile, kwa mazuri yake na makali yake, angeanzia hapo.

Tarehe hiyohiyo ni Siku ya Afya Duniani, kwa sababu katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika Aprili 7, 1948. Hapa kwetu siku ya dunia kuzungumzia afya inakutana na ofisi zilizofungwa. Sina zaidi la kusema juu yake. Tarehe yoyote ukiichokonoa utapata kitu cha namna hiyo. Italia iliivamia Albania Aprili 7, 1939, na sidhani kama kuna msomaji wa Mbagala anayekosa usingizi kwa hilo.

Kilichonifanya niiandike tarehe hii ni mauaji ya kimbari ya Rwanda, na ni hadithi inayoanzia Dar es Salaam.

Jumatano, Aprili 6, 1994, marais wa ukanda huu walikutana katika jiji hili, mwenyeji wao akiwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Shinikizo lilikuwa juu ya Juvénal Habyarimana wa Rwanda atekeleze Mkataba wa amani wa Arusha, uliotiwa saini Agosti 1993, aunde serikali ya mpito pamoja na waasi wa RPF. Kikao kikaisha, akaenda uwanja wa ndege kurudi kwao. Cyprien Ntaryamira, Rais wa Burundi, akapanda naye ndege moja. Ikatunguliwa kwa makombora ikikaribia kutua Kigali, saa mbili na ushee usiku kwa saa za kule. Watu wote 12 waliokuwamo wakafa, watatu kati yao wahudumu wa ndege raia wa Ufaransa. Burundi ikawa imepoteza marais wawili katika muda usiofika miezi sita, maana Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa Oktoba 21, 1993.

Sasa angalieni kalenda. Ndege ilianguka tarehe 6. Burundi inamkumbuka Ntaryamira tarehe 6. Rwanda inaanza maombolezo yake tarehe 7, na Umoja wa Mataifa nao umeitenga tarehe 7. Tukio limefuatana saa kwa saa, majirani wawili wakalipa tarehe mbili.

Naona Rwanda ilichagua vyema. Kuweka kumbukumbu tarehe 6 kungekuwa kumkumbuka rais na ndege yake, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyerusha yale makombora. Tarehe 7 haina ubishi huo. Usiku ule vizuizi viliwekwa barabarani, na asubuhi ya Alhamisi Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa. Askari kumi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliotumwa kumlinda, wakauawa siku hiyohiyo. Ubelgiji ikaondoa wanajeshi wake, na Aprili 21 Baraza la Usalama likaamua kupunguza kikosi kizima hadi watu 270. Raia walioachwa nyuma, wengi wao Watutsi, wakauawa kwa takriban siku mia, zaidi ya watu 800,000, na Rwanda yenyewe inahesabu zaidi ya milioni moja. Kisingizio kwamba watu walipandwa na hasira baada ya kifo cha rais wao kinapata nguvu ukianzia hesabu kwenye ndege. Ukianzia kwenye vizuizi na majina ya watu wa kuuawa yaliyokuwa yameandikwa mapema, hakisimami.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa Mrima, aliniambia kwamba kwa hesabu ya pwani hakuna tarehe mbili hapo. Jua likishazama siku mpya imeingia, kwa hiyo ile ndege ilianguka usiku wa Alhamisi, yaani tarehe 7 tayari. Nilipenda hesabu yake, ingawa Warundi hawataikubali.

Mtauliza kama kuna uhusiano wowote kati ya Kisiwandui 1972 na Kigali 1994. Hakuna, na sitaki kuutengeneza. Isipokuwa kwamba katika yote mawili njia inapita Dar es Salaam, na kwamba Tanzania ilibeba mzigo wa yote mawili. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa kama siku moja hivi, wakimbizi na wauaji wakiwa wamechanganyika, na kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji yetu mingi ya wakati huo. Novemba mwaka huohuo Baraza la Usalama likaanzisha mahakama ya kuwashtaki wahusika wa mauaji ya kimbari, na makao yake yakawekwa Arusha, jiji lilelile la mkataba ambao Habyarimana aliitwa Dar kuutekeleza.

Magazeti yetu kila Aprili 7 humpa Karume ukurasa wa mbele, na ni haki yake. Rwanda hupata safu mbili ndani, karibu na habari za nje, kana kwamba ndege ile iliruka kutoka nchi nyingine. Hapo ndipo ningewaomba wahariri, ninyi mkiwamo, mbadilishe mpangilio. Na wasomaji wa Ngara waliokuwa watu wazima 1994 wana mengi ya kusema kuliko mimi wa Temeke; kama mtaongeza ukurasa wa majibu, wapewe wao.