Maswali ya Wasomaji: Kuku wa Parsele, Tuwaongezee Nini?

Barua za mwezi huu kutoka Goma na Bukavu zimerudi kwenye jambo moja: juu ya provande, yaani chakula cha kuku kilichochanganywa tayari, kuku wa nyumbani apewe nini, kiasi gani, na saa ngapi? Hapa kuna majibu ya wataalamu wetu wa mifugo.

Niko na kuku wa mayai 12. Asubuhi nawapa bugali na wali uliobaki jana, wanakula mpaka washibe. Provande wanaipata saa nane mchana. Zamani nilikuwa naokota mayai 10 kwa siku, sasa ni 6, na mengine ganda linabonyea chini ya kidole. Provande ni ile ile. Shida iko wapi?
*Mama wa Ndosho, Goma*

Mama, shida iko kwenye saa ya kulisha. Kuku anayetaga anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku, hapiti hapo. Gole lake, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, likijaa bugali saa moja asubuhi, hiyo provande ya mchana ataidonoa kidogo tu.

Piga hesabu. Provande ya watagaji ina protini asilimia 16 au 17 na kalsiamu karibu asilimia 4. Kuku akila gramu 115 anapata kalsiamu zaidi ya gramu 4. Akila gramu 60 anapata gramu 2 na kidogo. Ganda la yai moja peke yake lina kalsiamu kama gramu 2, na tumbo la kuku halinyonyi yote anayomeza: sehemu kubwa, pengine nusu, inatoka na kinyesi. Pengo hilo analiziba kwa kuchota kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa ikichoka ganda linakuwa laini, halafu mayai yenyewe yanapungua. Bugali wa mihogo ni wanga mtupu, na wali hauna protini ya kutosha kuokoa jambo.

Geuza ratiba kuanzia kesho. Provande iwekwe alfajiri, ikae mbele yao mchana kutwa. Mabaki na vitafunio vingine vije baada ya saa tisa alasiri, wakiwa wameshakula cha maana, na visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kwa kuku 12 hiyo ni kama gramu 140 za nafaka kavu. Huna mizani? Kopo dogo la tomati, lile la gramu 70, likijaa mahindi yaliyovunjwa linabeba karibu gramu 45 hadi 50. Makopo matatu yanatosha kundi lako lote. Bugali una maji mengi, kwa hiyo donge la ukubwa wa ngumi, likimegwa vipande vidogo na kutawanywa ili wanyonge nao wapate, halitaleta shida.

Kisha rudisha ganda kwa ganda. Maganda ya mayai ya jikoni yaoshe, yaanike, yapashe dakika 10 kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, halafu yaponde mpaka yawe kama chembe za mchele. Usiyafanye unga. Chembe kubwa inakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, na usiku ndipo sehemu kubwa ya ganda inajengwa. Vilevile usiwatupie nusu ya ganda likiwa bado na umbo la yai. Kuku akishajua kwamba kile kitu kinaliwa, kesho atavunja lililo kwenye kiota. Weka maganda kwenye chombo chake, mbali na provande. Kila kuku atachukua kadiri anavyohitaji, na jogoo, asiyetaga, hatalazimika kumeza kalsiamu isiyo na kazi.

Ganda litaanza kukazana ndani ya siku chache. Idadi ya mayai inachelewa zaidi, usikate tamaa wiki ya kwanza. Lakini wiki mbili zikipita na bado unaokota mayai laini, au ukisikia kuku wanakoroma, muite veterineri. Magonjwa ya Newcastle na bronkiti ya kuambukiza nayo yanaharibu ganda, na hakuna kitafunio kinachoyatibu.

Parsele yetu ni mawe ya volkano ya 2002, hakuna jani linaloota. Kuku wanashinda wamefungiwa na wameanza kunyofoana manyoya. Majani gani ni mazuri? Na je, changarawe ya volkano inaweza kuwapa kalsiamu?
*Msomaji wa Goma mjini*

Tuanze na changarawe. Inasaga chakula vizuri sana ndani ya firigisi, kwa hiyo watu wa Goma hawana haja ya kununua mchanga wa kuku. Ipepete, chukua punje za milimita 2 hadi 5, zioshe vumbi, weka kwenye kikopo. Kwa kujenga ganda la yai usiitegemee: haiyeyuki tumboni kama ganda la yai au la konokono.

Kuku anayechakura kwenye udongo anapata vitu vitatu: majani, wadudu na kazi. Wako wamekosa vyote, na hilo la kazi ndilo linalowafanya wanyofoane. Kabla ya kulaumu chakula, hesabu nafasi: wakibanana zaidi ya wanne kwenye mita moja ya mraba, hata bustani nzima ya shu haitawatuliza. Nafasi ikiwa sawa, chukua shu moja au fungu la lenga-lenga, lifunge kwa kamba, litundike juu kidogo ya vichwa vyao, sentimita 30 hadi 40 kutoka chini. Fungu linazunguka, wanalirukia, wanalichana kidogo kidogo. Saa nzima inapita kabla ya kuanza kutafutana. Shu iliyotupwa chini inakanyagwa na kuchafuliwa na kinyesi mara moja.

Lenga-lenga, matembele na majani ya shu yote yanafaa, na ndiyo yanayokoleza rangi ya kiini. Mahindi ya njano nayo yanakoleza. Meupe hayafanyi kitu hapo. Konzi moja ya majani kwa kuku watatu au wanne inatosha kwa siku. Badilisha aina, kwa sababu lenga-lenga ina oksaleti, kitu kinachokamata kalsiamu, na ukiwapa hiyo tu kila siku wiki nzima utarudi kwenye ganda laini. Majani marefu yasiyotundikwa yakate vipande vya sentimita 2 au 3. Nyasi ndefu zinajisokota kwenye gole na kuliziba: asubuhi, kabla hajala, utapapasa gole gumu wakati linapaswa kuwa tupu. Na mlima ukiwa umemwaga majivu, osha majani mara mbili.

Sombe mbichi usiwape. Majani ya mihogo yana sumu ya sianidi, na ni kule kutwanga na kuchemsha muda mrefu kunakoyafanya yawe mboga. Sombe iliyopikwa bila chumvi wala mafuta mengi, kijiko kimoja kwa kuku, haina neno.

Hapa kwetu avoka zinaoza chini ya mti. Jirani anawapa kuku wake na anasema hawajafa. Nami nifanye hivyo? Na maharagwe, maganda ya birayi?
*Papa wa Kadutu, Bukavu*

Papa, usifanye. Ganda, kokwa na majani ya avoka yana persini, sumu inayoshika moyo wa ndege. Kiasi kinatofautiana kati ya aina na aina, ndiyo maana jirani bado anawaona kuku wake. Nyama ya tunda ina sumu kidogo kuliko ganda, ila kuku hakuletei kipimo kabla ya kudonoa, na akishazidiwa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Zungushia mti wavu.

Maharagwe makavu yasiyoiva ni hatari nyingine, yana lektini inayochoma utumbo. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali nusu saa na zaidi mpaka yapondeke kwa vidole. Maharagwe ya mezani yenye chumvi na mafuta, hapana: figo za kuku haziwezi chumvi, na dalili ya kwanza ni kunywa maji bila kukoma na kinyesi kuwa maji matupu.

Maganda ya birayi yasiyo na kijani, yakichemshwa na maji yake kumwagwa, wape. Yenye kijani au machipukizi yatupe. Kupika hakuondoi solanini, sumu iliyomo. Majani ya chai, masalia ya kahawa na shokola navyo vikae mbali na kibanda.

Kuku wangu wananyonyoka manyoya na wameacha kutaga. Naambiwa niwape sambaza. Wengine wananiambia niozeshe matumbo ya samaki nipate funza.
*Mama wa Himbi, Goma*

Sambaza ndiyo, funza wa matumbo ya samaki hapana kabisa.

Unyoya karibu wote ni protini, ndiyo sababu kuku anayebadilisha manyoya anaacha kutaga: hawezi kujenga vyote kwa pamoja. Hapo sambaza wakavu wanasaidia kweli. Nunua waliokaushwa kwa jua bila chumvi. Muuzaji atakuapia kwamba hawana. Weka mmoja kwenye ulimi, utajua mwenyewe. Wakiwa na chumvi walowekwe saa mbili, maji yamwagwe, walowekwe tena. Waponde, gawa gramu 5 kwa kila kuku, mara tatu kwa wiki, mpaka manyoya mapya yafunike shingo na mgongo. Wakirudi kutaga punguza, la sivyo wateja watakuambia mayai yananuka samaki, na watakuwa na haki.

Sasa funza. Nyama au samaki anayeoza bila hewa anazalisha sumu ya botulini. Funza wanaila na kuihifadhi mwilini bila kudhurika. Kuku anayekula funza hao analegea miguu, halafu mabawa, mwisho shingo inalala chini kama kamba iliyokatwa, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa sababu hiyo hiyo, kuku aliyekufa aondolewe siku hiyo hiyo na kuzikwa. Mabuu yaliyokulia kwenye maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, bila nyama wala samaki, hayo ni chakula kizuri.

Machicha ya bia, dreshi, nayapata kwa bei ndogo kwa wenye nguruwe. Kuku wanaweza kula?
*Kijana wa Bagira, Bukavu*

Wanaweza, yakiwa makavu. Mabichi karibu robo tatu ni maji au zaidi, na kwa mvua za Bukavu siku ya pili yameshachacha, ya tatu yana ukungu. Yatandaze juu ya sheeting siku ile ile, unene usiozidi sentimita 2, yageuze kila saa mpaka yakauke na kuchambuka mkononi. Jua likikosekana, usinunue siku hiyo. Yana protini nzuri lakini nyuzi ni nyingi, na kuku hana tumbo la ng'ombe: gramu 10 kavu kwa kuku mmoja, basi. Masalia ya kasiksi usiwape yakiwa bado na pombe.

Chochote chenye ukungu, machicha, mahindi au karanga, kitupwe, na usikipeleke kwa bata badala yake, maana bata anadhurika haraka zaidi. Aflatoksini, sumu ya ukungu, inaharibu ini na haiondoki kwa kupika.

Vifaranga waanze vitafunio lini?
*Mama wa Keshero, Goma*

Wiki nne za kwanza chakula cha vifaranga tu, chenye protini asilimia 20 hadi 22. Baada ya hapo majani laini yaliyokatwa vidogo sana, na siku hiyo hiyo weka changarawe ya milimita 1 au 2. Provande ya watagaji isiwafikie kabla hawajakaribia kutaga. Kalsiamu yake inaharibu figo zao changa.

Wanasema pilipili na mbegu za papai zinakinga Newcastle. Ni kweli?
*Msomaji wa Panzi, Bukavu*

Si kweli. Kuku hahisi ukali wa pilipili kama sisi, kwa hiyo ataila bila wasiwasi, na mbegu za papai hazimdhuru. Lakini Newcastle ni virusi, na kinga yake ni chanjo. Ile ya matone ya jicho inarudiwa kila miezi 3 au 4, kwa kuku wote siku moja. Ukitumia ya kuweka kwenye maji, usichukue maji yenye klorini wala ndoo iliyooshwa kwa javeli. Ukikosa maji mengine, changanya kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 na nusu kwa lita, subiri nusu saa, ndipo utie chanjo. Siku hiyo wanyime maji saa moja au mbili kabla, ili wote wanywe haraka, na vitafunio vyenye maji kama shu na papai visubiri mpaka chanjo imalizike kwenye chombo.