Kabla hujamsahihisha, muulize amepataje

Mwaka jana binti yangu, akiwa darasa la tatu, alirudi na daftari la Hisabati likiwa na hesabu kumi za kutoa. Kapata tatu. Jioni ile nilimketisha mezani, nikamfanyia ya kwanza huku anaangalia, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Iliyofuata akarudia kosa lile lile. Nikapandisha sauti, akalia, daftari likafungwa. Naumia kila nikikumbuka.

Kesho yake nilianza upya. Nikamwonyesha 52 kutoa 27, aliyokuwa ameandika 35. "Hii umeipataje, mwanangu?"

"Kwenye mbili huwezi kutoa saba, mama. Kwa hiyo nikageuza: saba toa mbili, tano. Halafu tano toa mbili, tatu."

Kumbe hakuwa mzembe. Alikuwa na kanuni yake, na zote saba alizokosa alizifanya kwa kanuni hiyo hiyo. Zile tatu alizopata hazikuhitaji kukopa. Ningeendelea kugomba mwezi mzima nisingelijua hilo.

Tukaweka penseli pembeni, nikaleta njiti za kiberiti. Tukafunga kwa uzi mafungu matano ya njiti kumi kumi, na mbili zikabaki nje. "Nipe ishirini na saba, anza na zile saba." Akanipa mbili, akakwama, macho kwenye mafungu. Nikanyamaza. Hapa ndipo wazazi tunapoharibu, maana mtoto akikaa kimya kidogo tu tunamtajia jibu. Akafungua fungu moja, akanihesabia tano zaidi, kisha akanipa mafungu mawili mazima. Mbele yake yakabaki mafungu mawili na njiti tano. Akavuta daftari mwenyewe: "Ndiyo maana mwalimu anakata tano anaandika nne."

Tangu siku hiyo swali la "umepataje?" namuuliza hata akipata. Ukiuliza akikosa tu, atajifunza kwamba swali lako maana yake ni kosa, na ataanza kufuta kabla hajafikiri.

Kuna wazazi huniambia hawawezi kusaidia kwa sababu mtoto anasoma shule ya Kiingereza. Msaidieni kwa Kiswahili, bila wasiwasi. Ukisema "kumi na tatu", kumi inasikika na tatu inasikika. Mtoto anaambiwa wazi namba imejengwaje. Akishaelewa, neno la Kiingereza ni la kukariri tu.

Mazoezi mengine hayahitaji daftari. Mtume dukani, lakini kabla hajatoka akwambie chenji itakuwa shilingi ngapi. Kama nyumbani kuna bao la kete, mwache atafute idadi ya mashimo bila kugusa moja moja: safu nne, kila moja mashimo manane. Wangu alisema nane na nane kumi na sita, mara mbili yake thelathini na mbili. Hiyo ni akili ya kuzidisha, kabla hajaikariri orodha. Orodha nayo aikariri, sipingi, ila dakika kumi kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili.

Na tafadhali, usiseme mbele yake kwamba kwenu hesabu hazipandi. Mtoto hulishika neno hilo, na siku akikwama analo tayari la kujitetea.

Sasa yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa, na majirani wameshaanza kuniulizia habari za tuisheni. Mimi kwanza nilikwenda kwa mwalimu wake na daftari mkononi, nikamwonyesha anapokwama. Mazungumzo yale yalinifaa kuliko ripoti nzima ya muhula.

Wiki hii wako kwenye sehemu. Jana kajumlisha 1/2 na 1/3, akaandika 2/5. Jibu ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, na bado hajaliona hilo. Nimemuuliza amepataje, akanieleza: juu kwa juu, chini kwa chini. Sikumsahihisha. Kesho tunapika chapati, na kisu atashika yeye.