Tundu moja la kushusha maji halitoshi

Ndugu yangu, unauliza kama tundu moja la inchi moja linatosha kushusha maji kutoka tangi lako la samaki la lita 300 hadi tangi la chini lenye pampu, na kama vali ya kuzuia maji yasirudi itakuokoa umeme ukikatika hapo Goma.

Toboa mawili. Bomba la kwanza lijae maji bila hewa, ulibane kwa vali ya gurudumu mpaka kelele iishe. Vali ya kishikio ni ngumu kuipimia. La pili ni la dharura: mdomo wake ukae juu kidogo ya usawa wa maji, na usilitie vali yoyote. Konokono mmoja akiziba la kwanza, hilo ndilo litakalookoa sakafu.

Vali ya kuzuia usiitegemee. Mwani au punje ya mchanga wa lava ikinasa (na Goma mchanga huo uko kila mahali), haifungi. Piga hesabu: tangi ni sentimita 120 kwa 50. Mdomo wa bomba la kurudisha (lile ambalo pampu hupandishia maji kutoka tangi la chini) ukizama sentimita 4, pampu ikizima zinashuka lita 24, pamoja na yaliyomo mabombani. Tangi la chini liwe na nafasi hiyo. Uzame sentimita 2 tu, ni lita 12. Toboa pia kitundu cha milimita 3 kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, kivute hewa. Ukisafishe mara kwa mara.

Halafu, kabla ya kushika drili, uliza muuzaji kama kioo kimeimarishwa kwa joto. Kikiwa hivyo, usikitoboe, kitapasuka chote.