Kusoma Kiurdu: anza na gari, laki na paratha

Nilipofika Dubai kufanya kazi ya bohari, nilijua Kiurdu kitanichukua wiki moja tu kukisoma. Kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na si nilikhitimu Kurani chuoni Mombasa? Nikachukua gazeti la mwenzangu Mpakistani, nikakwama kwenye kichwa cha habari. Herufi zinateremka kama zinashuka ngazi, nukta zimesogea mbali na wenyewe, na irabu fupi hazimo. Hati ile ni nastaliki. Chuoni tulizoea naskhi, hati iliyokaa sawa mstarini.

Basi usianze na gazeti. Anza na maneno uliyonayo. گاڑی ni gari, لاکھ ni laki, چپاتی ni chapati. Kwa matatu hayo umeshapata g, ch na p, ambazo alifbe ya Kiarabu haina, na ile ڑ ya kukunja ulimi. Mimi nilisomea kwenye ubao wa mkahawa wa chai, na neno lililonifungua macho ni پراٹھا, paratha.

Itazame hiyo ھ kabla ya alifu ya mwisho. Kiurdu kina ہ, h ya kawaida, na hii ھ ambayo haisimami peke yake: kazi yake ni kuipa pumzi herufi iliyotangulia. Mtu wa Mvita, yaani Mombasa, hapati taabu hapa. Paa mnyama tunamtamka kwa pumzi, paa la nyumba bila pumzi. Sisi hatuandiki tofauti hiyo, wao wanaandika.

Kwa Kiurdu ز ذ ض ظ zote husomwa z. Chuoni, ambako kila moja ina sauti yake, ungekula bakora kwa hilo!

Kuchapa ndiko kulikoniumiza. Niliandika orodha nzima ya wafanyakazi kwa kibodi ya Kiarabu. Kwa macho ilikuwa sawa, lakini mwenzangu akitafuta jina kwa kibodi yake ya Kiurdu, halipatikani. Kumbe kwa kompyuta ي ya Kiarabu na ی ya Kiurdu ni herufi mbili mbalimbali, na ك na ک vilevile. Nikaandika upya yote. Weka kibodi ya Kiurdu tangu siku ya kwanza, ile ya kifonetiki, ambayo p inakupa پ na t inakupa ت. Pakua na fonti ya Noto Nastaliq Urdu, ni ya bure. Neno likikushinda, ligeuze kwa fonti ya naskhi, ulisome, kisha ulirudishe.

Wenzako wakikujibu kwa herufi za Kilatini, usivunjike moyo. Wengi wao huandikiana hivyo kwenye simu.