Daftari la mjomba wako

Mwanangu,

Kamwene. Baridi ya Juni hapa Mafinga imeshika hasa. Nakuandikia miguu iko kwenye jiko la mkaa.

Umeniuliza kwa nini washairi Waingereza wa vita vya 1914 waliandika majeraha ya nafsi, na wetu wakatunga tenzi za majemadari na ushindi. "Kwani wetu hawakuumia, mama?"

Wale walipata pa kulaza kichwa. Mshairi Wilfred Owen alilazwa hospitali ya wanajeshi ya Craiglockhart, Edinburgh, mwaka 1917, akili imetikiswa na mizinga. Huko akakutana na Siegfried Sassoon, mshairi mwenzake, na daktari akamhimiza aandike. Alirudi vitani, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla bunduki hazijanyamaza Ulaya. Vita hivyohivyo vilipita Iringa na Tukuyu, vikala wapagazi kwa maelfu, risasi na unga vichwani. Hao nani aliwapa kitanda na karatasi?

Utenzi nao ni kazi ya barazani. Husomwa mbele za watu, na watu wanataka kujua nani alikwenda wapi, nani alikimbia. Henry Muhanika alipotoa utenzi wake wa vita vya Kagera, 1981, nchi nzima ilitaka kusikia Idi Amin alivyong'olewa. Simlaumu. Lakini usidhani uchungu haumo kwenye tenzi.

Mjomba wako alikuwa kwenye vita hivyo, Lukaya, Machi 1979, kwenye vinamasi vya Uganda. Ulipomwuliza habari za kule alisema "tulishinda," kisha akaomba chumvi. Akilala hatukumgusa, tulimwita kutoka mlangoni, maana aliyemshika bega alipigwa ngumi. (Bibi yako alipigwa mara moja. Mjomba alilia siku nzima.) Jioni ndipo alipokaa na daftari la shule, vidole vinagonga meza: nane, nane, nane.

Alipofariki nikalifungua. Beti nyingi ni za kawaida tu, mzinga na bendera na Mwalimu kasema. Katikati nikakuta ubeti huu:

Manyunyu yalitunyea
Miguu ikalegea
Mwenzangu kaegemea
Nikamwita, kanyamaza

Hesabu mwenyewe, mizani nane kila mshororo. Pale "akanyamaza" ameikata kichwa ili itoshe. Watu husema vina na mizani hufunga hisia. Mimi namwona mtu aliyeshindwa kulisema jambo hili miaka yote, tunakula sahani moja, akaliweza siku alipokuwa na kitu cha kuhesabu. Yule mwenzake hana jina wala cheo. Kwenye utenzi wa majemadari angekuwa mmoja wa "askari wetu hodari," basi. Nami, mwalimu wa Kiswahili miaka thelathini, nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu mizani ubaoni, na kaka yangu anagonga meza chumba cha pili. Sikuwahi kumwambia anisomee.

Ubeti unaofuata hakuuandika. Ameweka vina tu mwisho wa mistari, -ika, -ika, -ika, -za, na nafasi tupu mbele yake. Kurasa zilizobaki ni hesabu za mbolea na magunia ya viazi.

Dada yako anapanda basi Jumamosi, nitampa daftari akuletee. Limeanza kuachia nyuzi, usilikunje.

Mama yako