Kuchezesha mechi yenye VAR: amua kwanza, video baadaye

Refa mgeni kwenye mechi za VAR, yaani zenye waamuzi wasaidizi wa video, huponzwa na kusubiri. Anaona mguso ndani ya kumi na nane (boksi la penalti), anabana filimbi, anatega sikio kwa wenzake wa chumba cha video. Hapo ameshaharibu. Utaratibu unamtaka aamue kana kwamba hakuna kamera, na uamuzi wake uguswe tu pakiwa na kosa la wazi kabisa au tukio zito lililompita. Tena ni kwenye matukio machache, hasa goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na kadi iliyopewa mchezaji asiyehusika. Kama hukuamua chochote, chumbani watapima nini?

Kwa hiyo sema kwenye redio ya waamuzi papo hapo, kwa ukamilifu: “Hakuna penalti, beki kagusa mpira kwanza.” Picha ikionyesha beki hakuugusa mpira, wenzako wanajua maelezo yako hayalingani na tukio. Ukisema “tunaendelea” tu, umewaachia kubahatisha.

Mshika kibendera naye achelewe kuinua pale tu mchezaji anapokaribia kufunga au ana njia nyeupe kuelekea golini. Wapo wanaochelewesha kila kitu, hata aliyeotea mita tatu katikati ya uwanja. Matokeo yake wachezaji wanakimbizana na kuumizana kwa shambulizi lililokwishakufa.

Ukiitwa kwenye skrini ya pembeni ya uwanja, usipokee picha iliyogandishwa. Njumu zilizotua kwenye ugoko, picha ikiwa imesimama, daima zinaonekana kadi nyekundu, kwa kuwa kasi na nguvu hazimo mle. Omba kwanza pembe inayoonyesha mguso ulipotokea. Hapo mwendo wa polepole unafaa. Kisha omba tukio zima kwa kasi ya kawaida, na kwa kasi hiyo ndiyo uamue ukali wa rafu au kama kuunawa mpira ni kosa. Mwendo wa polepole humpa beki muda ambao hakuwa nao, na mkono uliogongwa na mpira unaonekana kama uliufuata. Kabla hujaondoka, uliza kama shambulizi lilianza bila kosa la washambuliaji. Mambo ya kupima tu, kama kuotea au rafu kuwa ndani au nje ya boksi, kwa kawaida hayahitaji safari ya kwenda kwenye skrini.

Mistari ya kuotea inaharibika kabla haijachorwa, pale inapochaguliwa picha ya mpira ukipigwa. Kamera ya picha 50 kwa sekunde, na mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde: kutoka picha moja hadi inayofuata kasogea sentimita 16. Chukua mguso wa kwanza wa mpiga pasi, na unapochora mstari, mkono wa mchezaji usiuhesabu. Bega linaishia usawa wa chini ya kwapa. Kombe la Dunia la Qatar 2022 lilipunguza tatizo hili kwa kamera 12 zilizofuatilia alama 29 za mwili wa kila mchezaji, na kihisi ndani ya mpira kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yetu, ni maneno. Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham dhidi ya Liverpool, Luis Díaz wa Liverpool alifunga na kibendera kikainuliwa. Chumbani waliona hakuotea, ila walidhani uwanjani goli limekubaliwa, wakatamka kwamba ukaguzi umekamilika. Mpira ukaanzishwa, goli likapotea. Kila mazungumzo yaanze na uamuzi wa uwanjani na yaishe na uamuzi wa mwisho, kwa neno lake: goli, au si goli. Wakati wanakagua, kidole sikioni, mkono mwingine mbele, mpira usianzishwe. Ukishaanzishwa, kinachoweza kukaguliwa ni kadi iliyokosewa mtu, au kosa la kutolewa nje kwa vurugu, kutema mate, kung'ata au kitendo cha matusi makubwa.

Anayekuzonga akichora skrini hewani kudai video apewe njano. Mchezaji anayeingia eneo lako la kutazamia video, njano vilevile.

Mitambo ikizimika, mwamuzi wa mezani awajulishe makocha wote wawili mara moja, na tena ikirudi. Mechi haibatiliki kwa hitilafu hiyo.